Naomba ushauri: miaka mitatu baada ya kuhitimu, nisome uzamili au nibaki kazini?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nilihitimu shahada ya takwimu miaka mitatu iliyopita. Wiki hii kundi la darasa letu limeamka, kila mtu anaeleza alipofikia. Mmoja anamalizia uzamili, mwingine yuko benki, wawili wameoana. Nawafurahia kwa dhati. Ila zamu yangu ilipofika niliandika mistari minne, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, mpaka simu ikaisha chaji.

Ukweli ni kwamba naingiza data kwa mkataba wa miezi sita sita, na huu ni wa nne. Fomu zinakuja zimekunjamana, nyingine umri umeandikwa juu ya namba iliyokatwa, nami nazihamishia kwenye kompyuta moja moja. Jioni najifunza R, programu ya bure ya uchambuzi, na nimeshaandika msimbo unaokamata makosa niliyokuwa nayatafuta kwa macho. Msimamizi ameupenda sana. Mshahara uko palepale.

Sasa nimepata nafasi ya uzamili, bila ufadhili. Mama anasema nisome. Mimi naogopa deni, maana mdogo wangu ananitegemea kwa ada.

Waliopitia hali hii, nisaidieni: nikasome, au nibaki nikikusanya kazi za kuwaonyesha waajiri? Mlioingia kwenye uchambuzi wa data bila uzamili, mlianzia wapi? Na kundini niwaandikie nini wenzangu? Sitaki kuwadanganya.