Bombe gani ya rangi (kopo la kupuliza) inafaa kwa kuchora pleksi (plastiki ngumu ya akriliki) kwa lazeri?

Fundi_Katuba (Lubumbashi)
Jambo ba ndugu. Mashine ni lazeri ya gesi ya CO2, wati 40, kazi ni plaki za milango ya ofisi. Pleksi nyeupe ya mm 3 inapulizwa rangi nyeusi, kisha lazeri inaondoa rangi ili herufi nyeupe zitokee. Rangi ni ile ya mafuta inayong'aa, bombe ya kupaka vyuma. Kando ya herufi kunabaki utando wa kahawia unaonata, na kile kiini cheusi ndani ya «o» na «e» ndogo kinabanduka. Kosa ni la rangi ao la nguvu ya lazeri?

Atelye_Kivu (Bukavu)
La rangi, kaka. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa: juu ngumu kwa saa chache, chini bado mbichi kwa siku kadhaa. Lazeri ikiikuta hivyo inaipika, na huo utando wa kahawia ndio rangi iliyopikwa. Tafuta bombe iliyoandikwa «acrylique», na ikiwezekana «mat» (isiyong'aa). Rezini yake ni ukoo mmoja na pleksi. Ikipata joto kali inageuka mvuke, mabaki yanakuwa machache. Epuka rangi za fedha na dhahabu, chembe zake za alumini hurudisha mwanga.

Kubanduka kwa «o» ni jambo lingine: rangi haikupata pa kushika. Sugua pleksi kwa msasa wa maji namba 800 mpaka mng'ao uishe, osha kwa maji ya sabuni, kausha, na usiiguse tena kwa vidole. Puliza ukiwa sm 25 hadi 30, mkono uanze kutembea kabla ya ukingo na usimame ukishaupita. Tabaka mbili ao tatu nyembamba, dakika 10 hadi 15 kati yake, halafu iache saa 24. Tabaka nene linadai nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo inayeyusha pleksi chini. Mvua ikinyesha usipulize: unyevu unaifanya rangi ipauke kama ukungu.

Kwa kipimo, chora vimraba vya sm 1 kwenye kipande cha kutupa: mwendo mm 300 kwa sekunde, nafasi ya mistari mm 0.1, nguvu ianze 10% ikipanda 2% kila kimraba. Chagua cha kwanza kilicho cheupe kabisa. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikwama kwenye shimo, umezidisha.

Lazeri_Goma
Kabla ya rangi, hakikisha plastiki yenyewe, tafadhali sana. Bamba jeupe la PVC (plastiki ya mabomba ya maji) na la pleksi yanafanana kabisa dukani, na PVC ikichomwa inatoa gesi ya asidi: inakula lenzi na reli za mashine, na mapafu ya mtu. Chukua waya ya shaba (huko Lubumbashi haikosekani), ishike kwa koleo, ipashe kwenye moto wa gesi mpaka iwe nyekundu na moto usiwe na rangi. Igusishe plastiki, irudishe motoni. Moto ukiwa kijani, kuna klorini. Usiiweke kwenye mashine. Fanya nje, upepo ukutoke mgongoni.

Jaribu vilevile ukwangu wa rangi iliyokauka. Bombe za «vinyle» zinaweza kuwa na klorini, na rangi nyingi za msingi zinazoshika kwenye plastiki ya ndoo pia.

Mama_Plaki (Lubumbashi)
Kwa plaki ya nje, yenye jua na mvua, napendelea rangi ikae nyuma. Chukua pleksi angavu iliyomiminwa, kwa sababu iliyosukumwa kwa mashine haitoi weupe mzuri. Acha karatasi yake ya kinga, geuza maandishi kama kwenye kioo, chora upande wa nyuma ukikata karatasi pamoja. Puliza ndani ya herufi. Tabaka la kwanza liwe kama umande tu: kiyeyushi kingi kwenye pleksi iliyotoka kupata joto huzaa nyufa nyembamba kama nywele. Bandua karatasi baada ya dakika 10 hivi, rangi ikiwa bado laini. Ikikauka kabisa inapasuka ukingoni. Kusafisha ni sabuni na maji, si alkoli wala dilia (kiyeyushi cha rangi).

Fundi_Katuba
Aksanti sana mama, aksanti ba kaka. Je, mashine ndogo ya diyodi ya wati 5 inaweza hiyo ya nyuma?

Lazeri_Goma
Hapana. Mwanga wake wa buluu unapenya pleksi angavu bila kuishika. Ila kuondoa rangi nyeusi isiyong'aa juu ya pleksi nyeupe, itaweza: nyeusi inameza mwanga huo, nyeupe iliyo chini inaurudisha. Punguza tu mwendo, na upime upya kwa vimraba.