Mjadala: Familia ikifika ufukweni na chakula chake, geti lina haki ya kuizuia?

Mkaazi wa Tabata (mleta mada)

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili jambo ambalo naona tumelizoea kabla ya kulikubali. Familia ya Dar es Salaam inayotaka kushinda ufukweni Jumapili, iwe inatoka Tabata, Gongo la Mboto au Mbagala, ina njia chache tu. Itakwenda Coco Beach, ambako hakuna geti lakini hakuna pia kivuli cha kuwatosha wote waliokuja. Itavuka kwenda Kigamboni. Au itaelekea Mbezi, Kunduchi na Bahari Beach, ambako kati ya barabara na maji umesimama ukuta wa hoteli. Hapo mnatozwa kiingilio kwa kila kichwa, kisha mizigo inafunguliwa kutazamwa kama mmebeba chakula. Mwezi uliopita hotipoti yetu ya pilau ilishinda kwenye kibanda cha mlinzi huku watoto wakiniuliza kwa nini hatuli. Simlaumu mlinzi, kwa kuwa naye ametumwa. Ninachouliza ni hiki: ule mchanga na yale maji ni ya nani? Ninavyokumbuka, sheria inazuia ujenzi ndani ya mita 30 kutoka baharini. Sasa anayetutoza hapo anatutoza kwa mamlaka gani?

Wakili Asiye na Kesi

Ni mita 60, si 30, na kifungu chenyewe ni cha 57 katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kinakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wa mazingira, ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Hata hivyo kisomwe kwa makini: kifungu hicho kinalinda mazingira, na hakimwamuru mwenye hoteli akufungulie geti upite na mkeka wako. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, lakini hakuna anayeingia sebuleni kwa jirani kwa hoja hiyo. Getini unalipia njia, kivuli, choo na bomba la kuoshea chumvi. Kama unataka hoja yenye meno, dai kwamba kati ya kiwanja na kiwanja pabaki njia ya wazi ya kufikia maji. Hilo linaweza kujibiwa na Manispaa. Hili la hotipoti haliwezi.

Msasani Kongwe

Mimi nimekulia kando ya bahari, na ninaunga mkono geti kwa mikono miwili. Ufukwe si jiko. Wapo watu ambao wakisikia Jumapili ya bahari huhamisha nyumba nzima: sufuria, deli la barafu, mkeka, redio na bibi. Wakiondoka jioni wanaacha mifupa ya kuku, maganda ya mayai na chupa za maji zilizofukiwa nusu mchangani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini tabia haikupigwa marufuku. Mwenye hoteli anayezuia chakula cha nje anafanya biashara, ndiyo, ila pia anapunguza takataka. Anayetaka kula pilau ale nyumbani, kisha aje kuogelea.

Mama wa Kimara Mwisho

Ndugu yangu wa Msasani, nimekusoma mara mbili ili nihakikishe kwamba umeandika nilichokiona. Umemhesabu bibi pamoja na sufuria na deli? Mama mkwe wangu ametoka Dodoma, na siku alipoiona bahari kwa mara ya kwanza aliingia majini na kanga zake mpaka magotini, akacheka hadi wapiga picha wa ufukweni wakamkusanyikia. Huyo ndiye mzigo unaotaka ubaki nyumbani? Nyinyi mliozaliwa mnaiona bahari dirishani mnadhani ni ya kwenu peke yenu. Kuhusu chakula, hebu kaa na kalamu. Toa kiingilio cha watu wazima na watoto, toa nauli ya daladala na bajaji kwenda na kurudi, halafu agiza sahani za chipsi kuku kwa bei ya hotelini. Fedha ya sahani mbili au tatu hununua mchele, nyama na viungo vya pilau la kuwashibisha wote na kubaki. Kubeba chakula si ushamba, ni hesabu.

Msasani Kongwe

Dada, sikumtukana mama mkwe wako. Nilieleza namna watu wanavyosafiri. Hata hivyo umenikwepa: mifupa ile inaokotwa na nani?

Mama wa Kimara Mwisho

Yetu tunaiokota wenyewe, na tunarudi nayo Kimara. Kaa Coco Beach Jumapili jioni uhesabu vizuri: vijiti vya mishikaki na vifuu vya madafu vilivyotapakaa pale havikutoka kwenye hotipoti ya mtu, vimeuzwa palepale. Kama hoja yako ni takataka, anza na wanaouza, kisha uje kwa bibi.

Mpenda Visiwa

Naomba niulize bila kumkera mtu. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, yaani yanayohifadhiwa kisheria, tangu mwaka 1975. Ukishuka kwenye boti Bongoyo au Mbudya unalipa ada kwa Taasisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, tena baada ya kulipa boti yenyewe kutoka Msasani au Kunduchi. Mbona sijaona mtu akifungua mjadala kuilalamikia ada hiyo? Ikiwa mchanga ni wa umma, hata wa Mbudya ni wa umma. Au serikali ikitoza ni hifadhi, na mtu binafsi akitoza ni dhuluma?

Mkaazi wa Tabata

Ndugu Mpenda Visiwa, tofauti ni kubwa. Ada ya kisiwani ina kazi inayoeleweka: matumbawe yaliyokuwa yakipigwa baruti na wavuvi haramu yanahitaji doria, na doria inahitaji mafuta. Isitoshe, kisiwani unatua na chakula chako, unakodi kibanda cha makuti, na ukitaka samaki wa kuchoma utamnunua kwa hiari yako. Ama kuhusu ndugu wa Msasani, ningependa kujua amewahi lini kupanda daladala mbili na bajaji akiwa na watoto wenye njaa. Kusema "kula nyumbani kisha uje" ni rahisi kwa mtu anayefika ufukweni kwa miguu. Sisi tukila nyumbani saa mbili asubuhi, tukifika Kunduchi kila mtoto ana njaa upya.

Dada wa Sinza

Nimesoma yote haya kuhusu pilau, na hakuna hata mmoja aliyeuliza limepikwa na nani. Nitauliza mimi. Siku ya familia ufukweni, katika nyumba nyingi ninazozijua, huanza saa kumi alfajiri kwa mwanamke mmoja kukaanga vitunguu wakati wengine wamelala. Atapika, atafunga, atawavisha watoto, atabeba deli, na akifika kule atapakua, ataosha nyuso zenye mchanga, atalinda viatu na simu za waliokwenda kuogelea. Jioni wote watasema siku ilikuwa nzuri, kisha yeye atarudi nyumbani kufua nguo zenye chumvi na kusugua sufuria. Kwa mtu huyo, geti linalozuia chakula kutoka nyumbani ndilo pekee lililowahi kumpa likizo. Sitetei bei za hoteli. Ninasema tu kwamba nafuu tunayoisifu hapa inalipwa na mtu mwingine.

Baba Mapacha

Dada, umetupaka wote rangi moja. Mke wangu hupika kwa hiari yake na hajawahi kulalamika hata siku moja. Yeye mwenyewe ndiye anayesema chakula cha hotelini hakina ladha. Tusiingize ugomvi katika nyumba za watu waliokuwa wanataka kwenda kuogelea tu.

Dada wa Sinza

Shemeji, kutolalamika si jibu. Umewahi kumuuliza?

Mama wa Kimara Mwisho

Dada wa Sinza, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Usiamue kwa niaba yangu kwamba ninateseka. Kwetu pilau la safari hupikwa Jumamosi usiku na watu watatu, na mume wangu ndiye anayechambua mchele, tena vibaya, mpaka tunakuta vijiwe. Ukweli ni kwamba ukienda na chakula chako unakaa unavyotaka. Ukienda bila chakula utakaa unaangalia mhudumu atakuja lini, na watoto wanagombea chupa moja ya soda.

Msasani Kongwe

Kwa hiyo sasa tumehama kabisa, tunajadili nani anachambua mchele.

Nahodha wa Nchi Kavu

Mtanisamehe, ila katika maelezo yote haya ya wali sijasikia mtu akizungumzia maji yenyewe, ambayo ndiyo yanayoua. Watu huchagua siku ya kwenda baharini kwa kalenda ya kazi, ilhali wangepaswa kuutazama mwezi kwanza. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3. Kwa Dar es Salaam, siku hizo bahari huwa imepwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Familia inayofika asubuhi inakuta uwanda mtupu wenye mwani na mabwawa madogo, watoto wanafurahi na kwenda mbali kuokota makome, wazazi wanajilaza. Baada ya saa chache maji yanarudi, na hayarudi kwa mstari ulionyooka: hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma ya mafungu ya mchanga, kwa hiyo mtoto aliyesimama juu ya fungu hugundua kwamba maji yamekwisha kumzunguka. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, tofauti ni ndogo na mambo huwa kinyume: asubuhi mnamo saa nne ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50.

Niongeze la mipira ya matairi inayokodishwa ufukweni. Mpira ule si boya la kuokolea maisha. Asiyejua kuogelea anaukalia, mkondo unamsogeza taratibu, naye anatambua amefika penye kina akiwa hana namna ya kurudi. Coco Beach ina lake la ziada, kwa sababu chini kuna miamba ya matumbawe, na maji yakijaa huioni. Ukichukuliwa na mkondo unaotoka nje, usishindane nao kurudi ulikotoka. Ogelea kufuata usawa wa ufukwe mpaka nguvu yake ikuachie, ndipo ugeuke. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iwekwe kwenye simu kabla ya picha za kumbukumbu.

Baba Mapacha

Nahodha, asante kwa elimu, ila hoteli unazilipa kiingilio na wengi wao wana mwokoaji anayekaa kwenye kiti kirefu. Huoni kwamba hapo kiingilio kina maana?

Nahodha wa Nchi Kavu

Nimeona viti virefu vingi kuliko waokoaji. Kabla ya kulipa, muulize mlinzi mwokoaji yuko wapi wakati huo, na usiridhike akikuonyesha bwawa la kuogelea. Anayelinda bwawa halindi bahari.

Msafiri wa Mombasa

Sisi tulikuwa Mombasa mwezi Desemba. Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi, hauna kiingilio. Watoto wanapanda ngamia, familia zinakaa na vyakula vyao, na watalii wamo humohumo bila kuzimia kwa harufu ya pilau. Msongamano upo, na wauzaji hawakupi nafasi ya kupumua, lakini hakuna anayepekua mkoba wa mtu. Kigamboni kungeweza kuwa vile. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 hatuna kisingizio cha foleni ya kivuko peke yake, ingawa darajani nako magari hulipia.

Mkaazi wa Tabata

Kigamboni nakukubali, tena ukienda mbele zaidi, upande wa Mjimwema na Gezaulole, wapo wenye maeneo wanaokuruhusu kuingia na chakula mradi ununue vinywaji kwao. Huo ni utaratibu wa kiungwana. Ila nirudi kwa ndugu wa Msasani, ambaye bado hajaniambia alipanda daladala lini.

Msasani Kongwe

Ninapanda kila siku, ila sipandi na sufuria.

Mama wa Kimara Mwisho

Na bibi je? Naye hupandi naye?

Wakili Asiye na Kesi

Niliuliza kuhusu njia za wazi za kufikia maji. Naona pilau limeshinda kesi bila hata kuitwa shahidi.

Mama wa Kimara Mwisho

Wakili, njia hizo tutazidai, lakini sikukuu ya Idi haisubiri Manispaa. Nahodha, nisaidie kitu kimoja. Idi ya Mfungo Mosi huangukia mwezi unapoandama. Ina maana siku hiyo ni bamvua? Hapo kwetu vijana wameshapanga kwenda Mjimwema tangu saa tatu asubuhi.

Nahodha wa Nchi Kavu

Umekisia sawasawa. Siku ya Idi na siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Saa tatu watakuta bahari iko mbali na matope yapo karibu. Waambie waondoke nyumbani baada ya swala na chakula cha mchana, wafike mnamo saa nane, wakute maji yanapanda. Na mchague watu wazima wawili ambao hawataogelea kabisa, wakae kwa zamu wakiwatazama watoto bila simu mkononi, kwa maana siku ya sikukuu kila mzazi hudhani mzazi mwenzake anaangalia.

Dada wa Sinza

Chakula cha mchana nyumbani kabla ya kuondoka. Kwa hiyo kimepikwa na nani?

Baba Mapacha

Dada wa Sinza, nimemuuliza mke wangu kama ulivyotaka. Amesema atakujibu mwenyewe hapahapa akipata nafasi. Kwa sasa anaosha vyombo.