Pipi za kijiti za Krismasi zinanitoa jasho, msaada jamani

mama_kulwa_igoma
Habari zenu humu. Naombeni msaada kabla sijaumbuka. Nilijitolea kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba pipi za kijiti za watoto wa sande skuli Krismasi hii natengeneza mimi, watoto wako kama 40, sasa juzi nikasema ngoja nijaribu kwanza. Mara ya kwanza nusu kilo ya sukari na kikombe cha maji, nikakoroga kama nasonga ugali mpaka mkono ukauma, ikachemka vizuri halafu ghafla ikarudi kuwa sukari, yaani chengachenga sufuria nzima, Kulwa akaila na kijiko. Mara ya pili ikawa nyeusi na chungu. Mara ya tatu jirani akaniambia tia ndimu, nikakamulia ndimu 2 nzima, zikatoka zinang'aa kama kioo nikalala na furaha zangu, asubuhi naamka nakuta zote zimelowa zimeng'ang'ania sahani na vijiti vinachomoka. Nakosea wapi? Na sukari yenyewe siyo kitu cha kuchezea siku hizi.

kaka_wa_kirumba
Dada si uende sokoni Makoroboi ununue maboksi mawili yaishe. Watoto wanajua tofauti kwani?

shira_nzito
Huyo wa juu achana naye. Mimi nimeuza kashata na pipi muda mrefu, hayo yote yameshanikuta.

Mwiko ndio adui yako wa kwanza. Ugali unasongwa, shira haisongwi. Koroga mpaka sukari iyeyuke tu, ikianza kutokota weka mwiko pembeni usiguse tena, maana punje moja iliyoganda ukingoni mwa sufuria ikirudi ndani inawaita wenzake wote ndo hiyo chengachenga. Ukingoni pangusa na brashi iliyolowa maji, au funika sufuria dakika 2 mvuke uoshe wenyewe.

Ndimu jirani yako hajakudanganya, ule uchachu unaivunja sukari kidogo isigande tena, ila ndimu 2 kwa nusu kilo mama umezidisha! Sukari ikivunjika sana inavuta unyevu wa hewani, na mvua hizi za mwezi wa 12 na sisi wa Mwanza tuko ziwani, pipi lazima ilie. Kijiko 1 cha chai kinatosha, na maji robo tatu kikombe, ukijaza maji unachoma gesi bure kuyakausha.

Kujua imeiva, weka bakuli la maji ya baridi karibu, dondosha tone. Likibonyea bado, likiwa gumu lakini linapinda bado, likivunjika kah! kama kioo epua hapohapo. Wenye kipimajoto watakwambia digrii 150, sawa, ila hesabu hiyo ni ya watu wa pwani, sisi hili Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji yetu yanachemka kwenye 96 hivi, kwa hiyo punguza digrii 4. Nilikuja kujua hilo nimeshaunguza sufuria mbili. Rangi na arki tia ukishaepua, mapovu yakitulia, ukitia mapema harufu yote inaondoka na mvuke.

doto_nyegezi
Mi nikimaliza naweka kwenye friji zinakaza fasta

shira_nzito
Zinakaza ndiyo, ukizitoa zinatoka jasho, baada ya saa moja ni gundi. Ziache zipoe mezani, zikipoa tu usisubiri asubuhi, funga moja moja na yale makaratasi yanayolia chwachwachwa ya kufungia zawadi, halafu kwenye kopo la mfuniko. Na glukosi ukiambiwa utie, siyo ile ya unga ya kunywa, ni ile nzito kama asali ya watu wa keki.

bibi_bwiru
Mwanangu kama unapikia mkaa, shira ikianza kuwa nzito punguza makaa, hapo ndipo ile ya pili ilipokuungulia. Mimi sina vikombe vya pipi, napaka trei mafuta, nalaza vijiti, namwagia kijiko kimoja kimoja juu ya ncha, inajitandaza duara yenyewe. Vijiti vya mishikaki vinafaa lakini kata ile ncha kali!! Na wajukuu wote nje, siyo mlangoni, NJE. Maji ya moto yakikumwagikia yanateremka, shira inanata hapohapo inaendelea kukuunguza. Beseni la maji ya baridi liwe pembeni. Wale wadogo kabisa wa miaka 2, 3 wape andazi, pipi ngumu inawakaba.

mama_kulwa_igoma
Narudi na majibu. Kijiko 1 cha ndimu, mwiko nimeuficha kabisa nisije nikashawishika, tone la nne ndo likalia kah. Nusu kilo imenipa pipi 38, vijiti viwili vimekaa upande kama mtu amelewa ila pipi ni pipi. Leo siku ya tatu kwenye kopo, mvua imenyesha jana kutwa, kavu kabisa. Wabeja sana bibi, wabeja shira_nzito. Kaka wa Kirumba karibu Igoma uonje, uje na kilo ya sukari.

kaka_wa_kirumba
Nakuja na boksi langu la Makoroboi tushindanishe 😂