Mrejesho: mdogo wangu na kazi ya kondakta wa treni

Jambo kwenu bandugu. Niliuliza kama mdogo wangu aliye Marekani aache kazi ya bohari aingie mafunzo ya kondakta wa treni za mizigo. Aliingia. Darasa lilikuwa fupi. Mafunzo yenyewe yako relini, nyuma ya kondakta wa zamani: kuunganisha mipira ya breki za hewa, kukaza breki za mkono, kutembea juu ya kokoto usiku huku redio ikiita. Cheti kinadumu miaka 3, kisha macho na masikio yanapimwa upya.

Aliyenijibu "uliza yuko wapi kwenye orodha" alisema kweli tupu: ni orodha ya nani alianza kazi kabla ya nani. Mizigo ikipungua, walioingia mwisho ndio wanasimamishwa kwanza, na mdogo wangu yuko mkiani. Ikitokea hivyo, posho ya kukosa kazi haitoki jimboni bali Railroad Retirement Board, shirika la serikali kuu ya Marekani la wafanyakazi wa reli. Kwa sasa ni mtu wa akiba: simu ikilia saa nane usiku, anatoka.

Mama, huku Lubumbashi, anaamini kazi ya reli ni ya mpaka pensheni, kama ya marehemu baba. Simbishii. Ila mdogo wangu nimemkataza gari la mkopo kwanza.