Maziwa ya ngamia: mbona jibini haishiki?

Swali: Wakuu, maziwa ya ngamia ya Isiolo yana nini hasa ndani? Na mbona ukiyatia kimeng'enya cha ndama (cha kugandishia jibini) yanabaki kama uji?

Jibu 1: Lita moja ina protini gramu 30 hivi, mafuta 30 hadi 35, laktosi (sukari ya maziwa) kama 45. Vitamini C ni karibu mara tatu ya ng'ombe. Usizikariri sana namba hizo: ngamia akikaa na kiu, maziwa huzidi maji na mafuta hushuka.

Jibu 2: Shida ya jibini ni kapa-kaseini, sehemu ya kaseini (protini kuu ya maziwa) ambayo kimeng'enya huikata ili maziwa yagande. Kwa ng'ombe ni takriban 13% ya kaseini yote, kwa ngamia 3.5% tu. Kimeng'enya cha ndama hakipati pa kushika, donge linavunjika ukilikata. Tafuta kaimosini ya ngamia, yaani kimeng'enya cha ngamia chenyewe, inatengenezwa viwandani.

Jibu 3: Nyongeza: maziwa haya hayana beta-laktoglobulini (protini ya maziwa ya ng'ombe inayowaletea wengine mzio), lakini laktosi imo, kwa hiyo anayeharishwa na maziwa aanze na kikombe kidogo. Na yachemsheni jamani, hata ya kutengenezea susa (maziwa ya ngamia yaliyochachushwa). Vitamini C itapungua, sawa, lakini brusela (bakteria wa maziwa mabichi wanaoleta ugonjwa wa homa) si mchezo.