Naomba ushauri: hili neno "agony" nilitafsirije?

Habari zenu wakuu, naomba msaada hasa kwa walimu wa Kingereza na wale mnaotafsiri. Kuna neno agony, kamusi zinasema ni maumivu makali sana, ya mwili au ya roho, hapo sawa. Ila ukianza kulifuatilia linakuvuruga, maana asili yake ni Kigiriki, agonia, yaani mapambano, mashindano ya kugombea ushindi, mambo ya maumivu yamekuja baadae. Ndo maana Luka 22:44, Yesu akiomba kabla ya kukamatwa, Biblia ya zamani ya Kingereza imeweka agony na ya kwetu imeweka dhiki, na mimi naona dhiki imekaa vizuri kuliko maumivu, kwasababu pale hajapigwa bado, anapambana moyoni.

Sasa ninachotafsiri ni maelezo ya mgonjwa anayesema he was in agony usiku kucha. Nikiandika "alikuwa na maumivu makali" naona nimempunguzia, hata jino linauma makali jamani, "mateso" nayo inaleta picha kwamba kuna mtu anamtesa. Nimefikiria "aligaagaa kwa maumivu" lakini je kama alilala kimya tu? Huyu mtu kaumia kwelikweli, nataka msomaji alisikie hilo.

Halafu Waingereza wana agony aunt, yule anayejibu barua za matatizo ya mapenzi gazetini, hiyo naiacha, nitaandika mshauri basi.

Nyie mngeandikaje hapo kwa mgonjwa? Na anguish, neno jingine la Kingereza la maumivu makali hasa ya moyoni, mnaitofautishaje na agony, uchungu inatosha?