Mwenye nyumba akisema "nahamia mwenyewe", mpangaji afanyeje? Tujadili

Wadau, kuna mdau kasema nyumba ni ya mtu, akitaka kurudi kukaa kwake hana haja ya kumpigia mpangaji magoti. Sina ubishi na hilo. Mtu kadunduliza miaka kajenga, kastaafu au kahamishwa kikazi karudi mjini, utamwambiaje asikae kwake? Ninachopinga mimi ni hii "nahamia mwenyewe" ambayo hakuna wa kuihakiki.

Nilipanga Tabata, Dar es Salaam, chumba na sebule, choo ndani, 150,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita sita. Mwezi wa tano wa kodi yangu baba mwenye nyumba kaja jioni, kakaa pale kibarazani kwenye kiti cha plastiki, kanywa maji, kaniambia kwa upole kabisa, mwanangu, kijana wangu anaoa nataka nimuweke hapa, kodi ikiisha naomba unipishe. Nikamwambia sawa mzee, hongera. Nikaanza kutafuta, miezi sita 900,000, dalali mwezi mmoja 150,000, kirikuu 60,000, na mtoto shule imekuwa mbali sasa hivi anapanda bodaboda asubuhi na jioni. Wiki ya tatu baada ya kuhama naona dalali kaweka kwenye status yake chumba kile kile, ukuta wa kijani niliopaka mwenyewe kwa hela yangu, 220,000 kwa mwezi. Harusi mpaka leo hakuna. Iliniuma sana, maana angeniambia tu anapandisha kodi tungeongea.

Watu wananiambia ungeenda kisheria. Sheria ipi? Ilikuwepo ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, kumtoa mpangaji ilibidi mwenye nyumba akaeleze sababu mpaka ipatikane amri. Ikafutwa 2005. Tangu hapo unachotegemea zaidi ni mkataba, na mikataba yetu mnaijua, karatasi moja ya stationery, muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Wangu ulikuwa unaisha, hata ningeenda kwa mwenyekiti angenijibu nini?

Sidai turudi kwenye kupangiana bei, najua wenye nyumba wengi kodi ndiyo pensheni yao. Lakini angalieni Ontario kule Canada, mwenye nyumba akitaka kuhamia anatoa notisi ya siku 60, anamlipa mpangaji kodi ya mwezi mmoja au anampa sehemu nyingine inayokubalika, na lazima awe amedhamiria kukaa humo angalau mwaka. Hakuna aliyenyang'anywa nyumba yake hapo.

Mimi ningetaka miezi mitatu ya taarifa, na akimpangisha mtu mwingine ndani ya mwaka anirudishie hela ya dalali na ya kuhamia. Huku nilipohamia nilimuomba mama mwenye nyumba tuliandike kabisa. Taarifa kakubali miezi miwili, tukaandika kwa kalamu pembeni tukasaini wote, ila la kurudisha hela kasema mpaka aongee na mume wake, na sijasikia kitu tena.

Kwa hiyo nauliza wenye nyumba, kama kweli mnahamia wenyewe, hicho kipengele kinawaumiza wapi?